Mutobe Siku ya Kwanza, Kasiksi Siku ya Nne

Mimi sijui kusoma na koo kavu. Wengine husoma kitandani, wengine husoma chooni, na sina ugomvi nao. Ila mtu anayefungua riwaya bila kikombe pembeni namwona sawa na yule anayekula bugali bila mboga ya sombe: atashiba, lakini amejinyima. Maneno hayo si yangu, ni ya papa, baba yangu. Papa alikuwa karani, mtu wa upande wa Bukavu aliyefuata kazi Goma na kuoa huku binti wa Butembo. Katika nyumba yetu ya mbao mtaani Mabanga, kila kitabu kilikuwa na kinywaji chake.

Msimu wetu wa kusoma ulikuwa likizo kubwa, Julai na Agosti, mvua ikiwa imekatika. Kiangazi cha Goma ni vumbi jeusi. Linaingia masikioni, linaingia katika unga, linaingia kati ya kurasa. Papa alirudi kutoka ofisini saa tisa mchana, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake chini ya ukingo wa mabati, na sisi tukajipanga juu ya mawe ya volkano yaliyozunguka ua. Sisi maana yake ni mimi, mama na wadogo zangu wawili. Wadogo hao sitawataja sana, kwa sababu walikuwa wakisinzia kabla ya ukurasa wa tatu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kifaransa, na vilitoka kwa wauza karanga. Kila vita ilipopita mjini, maktaba fulani ya shule au ya misioni ilivunjwa, na baada ya wiki chache utaona sokoni marundo ya vitabu vinauzwa kwa uzito. Mama wa karanga anachana ukurasa, anauzungusha, anautia karanga, kazi imekwisha. Papa alikuwa akisimama mbele ya mama hao kama mtu aliyekuta ndugu yake kizuizini. Alivinunua vilivyobaki, na ndiyo maana riwaya zetu nyingi hazikuwa na mwanzo au hazikuwa na mwisho. Nilikuwa na miaka kumi nilipogundua kwamba kitabu huwa na jalada.

Papa alisoma mstari kwa macho, kisha akautoa kwa Kiswahili. Mama aliacha shule darasa la nne na Kifaransa hakukipenda, lakini ndiye aliyekuwa hakimu. Alisikiliza ukurasa wa kwanza huku mikono yake ikichambua maharage ya kuuza kesho yake, halafu akatoa hukumu.

"Hii ni ya kahawa," alisema siku moja, papa alipoanza habari ya askari anayemfuata mwizi. "Na bila sukari. Mutu anayetafuta mwizi hapashwe kulala."

Maisha ya watakatifu tuliyasikiliza na maziwa ya moto, kwa sababu utakatifu, kwa maoni ya mama, unataka tumbo lililotulia. Hadithi za mapenzi zilipewa chai ya tangawizi, ambayo inawasha kisha inapoa. Kitabu kimoja cha wasafiri wa jangwani kilipata maji matupu ya ziwa, yaliyochemshwa na kupozwa katika mtungi, na sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Kuna wakati papa alileta kitabu kinene cha sheria za forodha, akidhani ni riwaya. Mama alisikiliza nusu ukurasa. "Hii haina kinywaji," alisema. "Rudisha kwa mama wa karanga." Papa alikirudisha.

Mjini kwetu watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka vita. Ukiuliza mtoto fulani alizaliwa lini, utaambiwa ni mwaka ule wakimbizi walipolala hadi kwenye ngazi za kanisa, au ni vita ile iliyofuata, au ile ya baada yake. Vita ninayoisema hapa, nyumbani kwetu inaitwa vita ya Koko, kwa kuwa ndiyo iliyotuletea Koko. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Risasi zilisikika milimani, ofisi ya papa ikafungwa, na watu wakaanza kuingia kwa barabara ya Sake, wakipita ziwa dogo la Lac Vert na magodoro kichwani. Kambi zilijaa. Padri akasema kwenye misa kwamba kila nyumba yenye mlango ichukue mgeni mmoja. Mama hakungoja baraka ya mwisho. Alitoka, akarudi na mwanamke mzee aliyeshika kibuyu kilichokatwa nusu na kitenge kimoja, basi.

Hakuwa ndugu yetu. Alitoka vilima vya Masisi, na kwa kuwa sisi watoto tulimwita Koko, yaani nyanya, mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Habari yake aliisema mara moja tu, jioni ya kwanza, bila kulia. Walikimbia yeye na mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka ishirini. Walipofika njia panda, kijana alikumbuka kwamba mbuzi wamebaki wamefungwa kambani. Akasema atarudi kuwafungua, wasife njaa, na atamkuta mama yake Sake. Koko alingoja Sake siku mbili. Siku ya tatu watu wote wa Sake nao wakaanza kukimbia, akakimbia pamoja nao.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Koko hakungoja kupewa. Asubuhi ya siku ya tatu alimwambia mama, "Kuko ndizi za kasiksi ku soko? Miye siwezi kukaa mu nyumba ya batu na kunywa chai yabo tu."

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Mama alileta mikungu miwili mibichi. Koko akatafuta mahali pa kuchimba shimo la kuivishia, kama walivyofanya kwao. Alipiga jembe nyuma ya jiko, likaruka. Akapiga karibu na choo, likaruka na kutoa cheche. Mabanga yote imekaa juu ya mwamba wa volkano, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alisimama akiuangalia mji wetu kwa huruma.

"Hii inchi yenu ni jiwe tupu," alisema. "Batu banazikwaka wapi?"

Papa alicheka hadi akakaa chini, na lilikuwa cheko lake la kwanza tangu ofisi kufungwa. Mwishowe ndizi ziliivishwa ndani ya pipa la chuma, zimefunikwa majani na kuwekwa karibu na moto wa jikoni. Zilipoiva Koko alizimenya, akazikanda kwa nyasi kavu katika beseni mpaka povu likatoka, akachuja kwa kitambaa. Maji ya kwanza ni mutobe, matamu kabisa. Humo akatia unga wa mtama uliokaangwa, akaifunga katika bidoni, dumu la plastiki, ikaanza kuchacha.

"Siku ya kwanza iko mutobe, ata mutoto anakunywa," alitueleza. "Siku ya pili inaanza kuuma kidogo. Siku ya tatu inakomaa. Siku ya ine iko kasiksi. Ya tano ukichelewa, utakunja uso. Ya sita, unaimwanga."

Mama alisikiliza kwa makini, na nilimwona akipata wazo. Jioni hiyo alitangaza kwamba tangu sasa kitabu kitaanza siku ya mutobe na kumalizika siku ya kasiksi, kabla haijaharibika. Nikasema hiyo si haki, kwa sababu mimi nitapewa utamu wa mwanzo halafu siku za mwisho nirudishwe kwenye chai na wadogo zangu, wakati hadithi ndiyo imenoga. Mama akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, lakini nilinuna, na kununa nilikujua vizuri kuliko hesabu.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, uone kwamba hakina sumu. Koko alilishika hilo kwa ukali. Hakuna kikombe kilichotoka mkononi mwake bila yeye kupiga funda moja kwanza na kungoja kidogo. Alipogundua kwamba papa naye kila asubuhi hutangulia kusoma kurasa za jioni, ili asikwame kwenye neno gumu, alifurahi sana. "Papa anaonja mbele," aliniambia. "Ni muzuri. Mutu asitupatie kintu yenye hajaonja."

Tulisoma vitabu viwili vyembamba kwa namna hiyo, na nakuapia sijaona kiangazi kingine chenye raha kama kile, ingawa vita ilikuwa nyuma ya kilima. Papa hakuwa na kazi. Asubuhi alipiga pasi shati, akaenda kuangalia kama mlango wa ofisi umefunguliwa, akaukuta umefungwa, akarudi. Lakini saa tisa ikifika anakuwa mtu mwingine. Na Koko alisikiliza kwa mwili mzima. Akipendezwa na mtu katika hadithi, alimshauri. Asipompenda alimgeuzia mgongo, na papa alilazimika kusoma akiuangalia mgongo huo hadi mtu yule atoke.

Kisha papa akaleta kitabu kinene. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hadi leo sijui kinaitwaje. Koko alikiweka kiganjani, akapima uzito.

"Hii ni bidoni tatu," alisema.

Hakukosea. Ilikuwa hadithi ya mama mmoja mjane, katika nchi ya baridi, mwenye kinu cha maji kando ya mto. Anasaga ngano za kijiji. Ana mtoto mmoja wa kiume, na vita inakuja kumchukua. Papa alipofika kwenye theluji alitafuta neno la kuwaelezea wadogo zangu, na mama akamsaidia bila kuinua macho kutoka kwenye maharage yake. Alisema theluji anaijua, alikuwa akiiona juu ya Ruwenzori asubuhi za mbingu safi alipokwenda Beni kwa shangazi yake. Ni nyeupe na haimsaidii mtu. Koko alikuwa amesogeza kigoda chake mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya papa.

Bidoni ya kwanza iliisha kijana akiwa anaondoka. Bidoni ya pili iliisha vita ikiwa imeingia mwaka wa pili, na mama wa kinu bado anaweka sahani mbili mezani. Tangu hapo Koko alianza kuuliza. Papa akifunga kitabu, Koko anauliza, "Ule kijana atarudi?" Asubuhi papa akipiga pasi shati lake, Koko anauliza tena, "Papa, umeonja? Atarudi?" Papa anajibu kwamba bado hajafika huko.

Mchana mmoja nilikuwa nikisugua masufuria nyuma ya jiko, nikamsikia mama ndani akimwambia papa kwa sauti ya chini, "Ule mama amefunga roho yake mu ile kitabu. Kama kijana wa mule anakufa, utamuambia nini?"

"Sijafika kule," alijibu papa.

Alikuwa amefika. Nilimjua baba yangu: mtu asiyejua kudanganya hujibu haraka mno.

Bidoni ya tatu ilifunguliwa. Siku ya kwanza, mutobe, papa alisoma kurasa nyingi kama kawaida. Siku ya pili alisoma chache. Siku ya tatu alikohoa sana. Siku ya nne, siku ya kasiksi, siku ambayo kitabu kilipaswa kufungwa, alisema kichwa kinamuuma na tutamaliza kesho.

"Kasiksi haingojake kichwa ya mutu," alisema Koko, lakini akakifunika kibuyu chake bila kunywa.

Kesho yake papa alikwenda kuangalia mlango wa ofisi. Mama alikuwa sokoni. Koko alikuwa jikoni. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha kitabu kutoka juu ya kabati, nikakaa nacho sakafuni. Zilibaki kurasa sita. Kifaransa changu kilikuwa cha shule, nilikwenda nacho kwa kidole, neno baada ya neno, lakini nilifika. Barua inakuja, imeandikwa na kikosi. Kijana amezikwa kando ya mto mwingine, mbali. Mama yake anakunja barua na kuiweka chini ya sahani ya pili. Halafu anatoka nje, anafungua mlango wa maji, na kinu kinaanza kuzunguka, kwa sababu ngano za watu zilikuwa zinangoja. Basi. Hakuna kingine.

Nililia, lakini zaidi nilikasirika. Nilimkasirikia aliyeandika, mtu aliyelala salama mahali fulani akamwua kijana wa watu kwa kalamu. Kisha nikarudisha kitabu juu ya kabati na kuosha uso. Nilisikitika kwa ajili ya Koko, na nikamsikitikia papa pia, aliyebeba habari hiyo peke yake siku zote hizo.

Saa tisa tukakaa. Koko akamimina kasiksi ya siku ya tano, akaonja, akakunja uso kidogo, akampa papa na mama. Mimi nikapewa chai. Papa akafungua kitabu. Akasoma kuhusu mlango unaobishwa, na mama wa kinu anayefuta mikono kwa aproni yake. Hapo ndipo barua inapofika. Papa akasema:

"Akafungua mlango. Na mwenye kusimama pale alikuwa kijana wake, amekonda, ndevu zimeota, lakini ni yeye. Akaingia. Mama akampa sahani yake."

Macho yake hayakutembea. Yalibaki mahali pamoja kwenye karatasi, wakati mdomo unakwenda mbele. Alisimulia jinsi walivyokula, jinsi jirani walivyokuja, hata ngoma ilipigwa, na sijui katika nchi ile ya theluji walitoa wapi ngoma. Mama aliacha kuchambua maharage. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na hasira, maana papa ndiye aliyetufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, na sasa alikuwa akiitembea mbele yetu na shati lake lililopigwa pasi. Mama aliniangalia. Nikaufunga mdomo.

Papa alifunga kitabu. "Imeisha," alisema.

Koko hakunywa. Aliweka kibuyu chake chini, juu ya jiwe, taratibu, kikae sawa.

"Papa," alisema, "leo iko siku ya ngapi?"

"Ya tano, Mama."

"Kasiksi ya siku ya tano iko namna gani?"

"Iko kali."

"Basi juu ya nini hii ya kwako iko tamu sawa mutobe?"

Nilisikia bidoni za maji zikigongana barabarani, watu wanatoka ziwani.

"Mutu anaonjaka mbele kwa kuonyesha hakuna sumu," Koko aliendelea, bila kupandisha sauti. "Anaonja, kisha anapana. Weye ulionja, ukaona iko kali, ukaificha, ukanipatia yenye ulitengeneza weye. Sasa miye nitajua namna gani kama haina sumu?"

"Nilikuwa naogopa kukuumiza, Mama," alisema papa. Alisema kama mtoto aliyevunja kitu.

"Najua. Uko mutu muzuri." Akanyoosha mkono, akachukua kitabu kutoka magotini kwa papa, akakishika juu chini kwa sababu hakujua kusoma, akanipa mimi. "Huyu anajua. Macho yake yalivimba tangu saa sita. Asome."

Nilimtazama papa. Alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, wa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na nafuu. Alitikisa kichwa kukubali. Koko akanipa kibuyu chake. "Mwenye kupana anaonja," alisema, na mama hakukataza. Ilikuwa kasiksi yangu ya kwanza. Ilinikwaruza koo na kunitoa machozi, na nikafurahi kuwa na kisingizio.

Nikasoma. Nilisoma mstari kwa macho, nikautoa kwa Kiswahili, kama papa. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilikwama kwenye barua, kwa sababu sikujua kikosi kinaitwaje kwa Kiswahili, na papa akaninong'oneza neno. Nikaendelea. Nikasema kijana amekufa, amezikwa kando ya mto. Nikasema sahani. Nikasema mlango wa maji.

"Na kinu?" aliuliza Koko.

"Kikazunguka."

"Na kisha?"

"Kinaishia pale, Koko."

Koko akachukua kibuyu kutoka mkononi mwangu, akanywa kasiksi yote, hadi mwisho, akakunja uso ipasavyo na kujifuta mdomo kwa kitenge.

"Ni mwanamuke wa nguvu," alisema. "Ngano ya batu ilikuwa inangoja."

Mama yangu ndiye aliyeanza kulia. Koko alimwangalia kwa mshangao, halafu akatuangalia sote, mmoja mmoja, na nadhani ndipo alipotambua tulichokuwa tukifikiri siku zote zile.

"Weye unalilia nini? Ule mama, barua yake ilifika. Ya kwangu haiyafika. Tuko bamama babili, miye na yeye. Munafikiri sijue kutenganisha mutoto wangu na mutoto wa karatasi?"

Papa aliinama. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia, mabega yalikuwa yakitikisika. Koko akampiga magotini kwa kiganja. "Kesho leta ingine," alimwambia. "Yenye iko nyembamba. Na mutoto atasoma, weye pumuzika."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu. Papa alibaki kuwa mtu wa kunisaidia maneno magumu, na akaipenda nafasi hiyo kuliko nilivyotegemea. Alipata muda wa kunywa. Siku za mwisho za kila kitabu sikurudishwa tena kwenye chai: nilipewa funda moja la kwanza, kwa haki ya kuonja, kisha kibuyu kikaenda kwa wakubwa. Mlango wa ofisi ulifunguliwa baada ya Noeli. Barabara ya Masisi ilifunguliwa baadaye zaidi, na Koko akatuaga asubuhi moja na kibuyu chake, vitenge vitatu na mche wa mgomba aliousitawisha ndani ya ndoo, kwa sababu hakuamini kwamba udongo wa kwao ungekuwa umebaki na kitu.

Ulikuwa umebaki nacho. Kila kiangazi, njia ikiwa nzuri, mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, alisimama mlangoni kwetu na bidoni ya mutobe iliyofungwa kwa jani la mgomba. Hatukuhitaji kuuliza imetoka kwa nani. Papa aliionja, akatangaza kwamba tuna siku nne, na kila mtu akaanza kutafuta kitabu.

Leo nakaa Keshero, karibu na ziwa, na ninafundisha Kifaransa kwa watoto wanaodhani kusoma ni adhabu. Vita nyingine zimepita tangu ile, moja ilipita juu ya paa langu. Vitabu vinaendelea kufika kwa mama wa karanga, na mimi ninaendelea kusimama mbele yao. Likizo kubwa ikianza, wanangu wanajua: habari ya mwizi ni kahawa, habari ya mapenzi ni tangawizi, na kitabu kinene kinangoja ndizi ziive. Mume wangu anasoma na bia, kitabu chochote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Nimemsamehe kwa mengi lakini hilo bado.

Msomaji atataka kujua kama kijana wa Koko alirudi. Nimekaa na ukurasa huu siku kadhaa. Nimeandika kwamba alirudi, amekonda, ndevu zimeota, na mbuzi wawili nyuma yake. Niliandika vizuri, nadhani. Kalamu ni yangu, Koko hayupo tena, na hata angekuwepo hakujua kusoma. Lakini angeomba asomewe. Angesikiliza mpaka mwisho, akaweka kibuyu chini juu ya jiwe, taratibu, kikae sawa, akaniuliza leo ni siku ya ngapi. Basi nimeufuta. Hakurudi, na barua haikufika, na kila kiangazi, kwa miaka kumi na moja, Koko alikanda ndizi zake.